Siku 21 za Kujenga Tabia: Hesabu Inayotuharibia Kazi Kliniki

Wiki iliyopita mgonjwa wangu mmoja wa kisukari, mama wa makamo anayeuza maandazi na chai karibu na stendi ya mabasi, alifungua pochi yake akatoa ukurasa wa kalenda ya ukutani uliokunjwa mara nne. Kila siku aliyotembea nusu saa alikuwa ameitia alama ya kalamu nyekundu. Alama zilikuwa 21, kisha zikafuata siku tisa tupu. "Daktari, zangu ishirini na moja nilizimaliza," aliniambia (mimi ni afisa lishe, lakini nimekwisha choka kusahihisha cheo hicho), "mbona mwili haujazoea? Au mimi ndiye mvivu?" Hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa amepewa hesabu ya uongo, na kwa kuwa wanaonijia nayo hawaishi, nimeona bora niiandikie.

Dhana yenyewe ni kwamba jambo lolote likirudiwa siku 21 hugeuka tabia. Inatajwa sana kuwa ilitokana na kitabu kilichotolewa mwaka 1960 na Maxwell Maltz, daktari wa Marekani aliyekuwa akifanya upasuaji wa kurekebisha sura, ambaye aliona kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 hivi kabla ya kuizoea sura mpya wanapojitazama kwenye kioo. Maltz hakupima mazoezi, wala chakula, wala usingizi. Tena alisema "angalau", neno ambalo waliomnukuu baadaye walilidondosha njiani. Kuizoea pua mpya ni jambo moja, na kuamka saa kumi na moja alfajiri ukakimbie ni jambo jingine kabisa.

Waliokuja kupima ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010. Waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amechagua jambo moja la kula, kunywa au kufanyia mazoezi, alifanye kila siku baada ya tukio lile lile, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Miongoni mwa wale ambao takwimu zao ziliweza kukokotolewa vizuri, muda wa katikati ulikuwa siku 66, lakini aliyewahi kuliko wote alikadiriwa siku 18 na aliyechelewa kuliko wote siku 254. Kunywa maji kulizoeleka mapema. Mazoezi ya viungo yalichukua muda mrefu zaidi. Nawaomba basi msije mkaibeba 66 kama mlivyoibeba 21, kwa sababu kinachosema hapo ni ule upana wa kutoka 18 hadi 254, nao hauwezi kufupishwa kuwa namba moja ya kubandika ukutani.

Asiyeamini utafiti wa Ulaya aitazame Ramadhani. Mfungaji huamka kula daku siku 29 au 30 mfululizo, bila kukosa, na wengi huamka hata kabla ya saa kulia. Kama siku 21 zingetosha, mwezi wa Shawwal sote tungekuwa macho saa kumi usiku. Kinachotokea tunakijua: Idi inapita, wiki moja baadaye mtu analala fofofo hadi adhana ya alfajiri, kwa sababu vilivyokuwa vikimwamsha, yaani harufu ya chakula jikoni, nyumba nzima iliyo macho na mpiga daku anayepita mtaani, vimeondoka vyote kwa pamoja. Tabia hushikamana na kile kinachoitangulia, na kinachoitangulia kikiondoka, haina pa kushika.

Hapo ndipo mama wa maandazi alipokosea, na kosa si lake. Alikuwa akitembea "jioni", na jioni ni pana: siku nyingine unga umebaki, siku nyingine mgeni amekuja, siku nyingine mvua. Nilimuuliza ni kitu gani anachokifanya kila siku bila kukosa. Akafikiri, akasema ni kulisugua karai la kukaangia na kulitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Basi tukakubaliana kwamba karai likishatundikwa, haketi. Anavaa raba, ambazo sasa zinakaa chini ya msumari huo huo, na anatoka kwa dakika kumi tu. Huu ndio ushauri wangu wa kila siku, na wenzangu kliniki hunicheka kwa kuurudia: usiifunge tabia mpya kwenye saa, ifunge kwenye kitendo ambacho tayari hukikosi.

Dhana nyingine hazinisumbui sana, ila nizitaje. Wapo wanaoamini kwamba kuruka siku moja kunarudisha kazi yote mwanzo. Utafiti ule ule wa Lally ulionyesha kuwa kukosa mara moja hakukuathiri kwa kiasi cha maana ujengekaji wa tabia. (Nazungumzia kutembea na kula mboga. Dozi ya insulini ni habari nyingine, na ukiikosa, uliza kliniki.) Wengine husema wameshindwa kwa kukosa nia, ilhali bakuli la sukari limewekwa katikati ya meza, karibu na mkono wao kuliko kikombe chenyewe, liondoeni, liwekeni kabati la juu, kisha ndipo tuzungumze habari za nia. Na wapo wanaodhani tabia ya zamani ikiachwa hufutika. Haifutiki, husinzia tu, ndiyo maana mtu aliyeacha sigara mwaka mzima hujikuta ameishika siku anaporudi kijiwe kile kile, na watu wale wale.

Kabla ya kuondoka, mama aliniuliza kama aendelee kutia alama. Nilimwambia aendelee, mradi kalenda aiweke karibu na msumari wa karai, na asihesabu. Ukurasa wa zamani nilitaka kuutupa. Akanipokonya, akaukunja tena mara nne na kuurudisha kwenye pochi.