Ushirikiano wa maendeleo wa vyuo vikuu: maana yake na namna unavyoendeshwa

Ushirikiano wa maendeleo wa vyuo vikuu ni kazi ambayo vyuo vya nchi mbili au zaidi huifanya pamoja ili kujenga uwezo mahali unapopungua: kusomesha wahadhiri, kuandika mitaala, kuendesha utafiti, kuimarisha maktaba, maabara na hata ofisi ya uhasibu. Usiuchanganye na juhudi za chuo za kujitangaza nje ya mipaka, yaani kutafuta wanafunzi wa kigeni wanaolipa ada au kupanda ngazi katika orodha za ubora. Huko anayenufaika ni chuo chenyewe. Huku manufaa hupimwa kwa mshirika. Kazi zote mbili zikiwekwa katika ofisi moja yenye fungu moja, kwa kawaida ushirikiano ndio unaobaki nyuma, kwa sababu ada huleta fedha na ushirikiano huzitumia.

Mpango mzuri huanza juu na kushuka. Seneti na baraza la chuo hupitisha sera. Sera huzaa mpango mkakati wa miaka minne au mitano. Mpango mkakati huwekewa fungu kila mwaka. Miradi huja mwisho. Hispania ni mfano mzuri. Jumuiya ya wakuu wa vyuo vya huko, CRUE, ilipitisha mkakati wa pamoja mwaka 2000 na kanuni za maadili ya kazi hii mwaka 2006. Baadhi ya vyuo vyake hutumia 0.7% kama kipimo cha fungu lao, kwa kufuata lengo ambalo Umoja wa Mataifa uliziwekea nchi tajiri mwaka 1970, la kutoa 0.7% ya pato lao la taifa kama misaada. Chuo kisicho na ngazi hizi huishia kufuata matangazo ya wafadhili: leo kilimo, kesho nishati, na hakuna fani inayokomaa.

Hati ya makubaliano ambayo wakuu wa vyuo huitia saini mbele ya kamera kwa kawaida ni tamko la nia tu. Haina bajeti na mara nyingi haimfungi mtu kisheria. Kinachofunga ni mkataba wa mradi, unaotaja kiasi cha fedha, awamu za malipo, tarehe za ripoti, umiliki wa data na vifaa, na njia ya kumaliza mgogoro. Kuajiri watu au kusajili wanafunzi kabla ya mkataba huo ni hatari, maana fedha zikichelewa wao ndio wanaoumia kwanza.

Katika uendeshaji, swali la kuuliza ni hili: nani anaweza kubadilisha bajeti? Azimio la Paris la 2005, makubaliano ya nchi wafadhili na nchi zinazopokea misaada, liliweka umiliki wa mpokeaji kuwa nguzo ya kwanza ya misaada yenye tija, lakini umiliki haupatikani kwa kuandikwa kwenye andiko la mradi. Unahitaji kamati ya uongozi yenye idadi sawa ya wajumbe kutoka kila upande, inayokutana angalau mara moja kwa mwaka na yenye mamlaka ya kuhamisha fedha kutoka kasma (kifungu cha bajeti) moja hadi nyingine ndani ya ukomo wa mfadhili. Kila chuo kiwe na mratibu wake na mhasibu wake. Mradi ulio mikononi mwa profesa mmoja husimama siku anapostaafu.

Bangokitita, lile jedwali la malengo, viashiria na vihatarishi, halina ugumu mkubwa. Ugumu uko kwenye muda na fedha.

Kwanza muda. Mradi wa miaka mitatu unaoahidi shahada za uzamivu umeshajikwamisha. Kutangaza nafasi, kudahili na kupata kibali cha maadili ya utafiti kunaweza kula mwaka mzima, na miaka miwili inayobaki haitoshi kukusanya data, kuandika na kutetea tasnifu. Ushirikiano wa kitaasisi uliofadhiliwa na Ubelgiji kupitia VLIR-UOS, chombo cha vyuo vya Flandria cha ushirikiano wa maendeleo, ulipangwa kwa takriban miaka kumi, na huo ndio urefu unaolingana na kazi ya kujenga idara.

Kisha gharama za uendeshaji, zile za umeme, uhasibu, ununuzi na ofisi. Katika programu ya utafiti ya Umoja wa Ulaya, Horizon Europe, hukokotolewa kwa 25% ya gharama za moja kwa moja, lakini katika ruzuku zake za misaada ya nje kikomo cha kawaida ni 7%. Kwa mradi wenye gharama za moja kwa moja za euro 500,000, hiyo ni tofauti kati ya euro 125,000 na euro 35,000. Hizo 35,000 ukizigawa kwa miaka minne unapata 8,750 kwa mwaka, na vyuo vyote vilivyomo vinapaswa kugawana. Chuo kinachoongoza kikizibakiza zote, mshirika analazimika kulipia mradi kutoka mfukoni mwake. Ni dhuluma isiyoonekana kwenye ripoti, kwa hiyo mgawo uandikwe mkatabani kulingana na matumizi ya kila upande.

Vifaa navyo hununuliwa bila kufikiriwa vitakavyoishi. Mashine ya maabara inahitaji msamaha wa kodi kabla haijafika bandarini, umeme tulivu, vitendanishi, fundi na mkataba wa matengenezo unaovuka mwisho wa mradi. Kikikosekana kimoja, mashine hukaa imefunikwa turubai.

Sampuli zinazovuka mpaka ziwe na mkataba wake. Kwa rasilimali za kijenetiki za mimea, wanyama na vijidudu, Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inataka idhini ya nchi zilikotoka na mgawanyo wa manufaa. Mpangilio wa majina ya waandishi wa makala nao ujadiliwe kabla ya data kukusanywa.

Wakati wa kufunga mradi, vifaa hukabidhiwa kwa maandishi na masurufu yote, yaani fedha walizokabidhiwa watu kwa matumizi ya kazi, hurejeshwa kwa stakabadhi. Horizon Europe hutaka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano baada ya malipo ya mwisho, mitatu kwa ruzuku zisizozidi euro 60,000. Matumizi yasiyo na ushahidi hukataliwa na wakaguzi, na fedha hizo chuo huzirudisha kutoka kwenye fungu lake chenyewe.