Farasi anayechechemea kidogo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Farasi mwenye maumivu makali hujitangaza mwenyewe, kwa kuwa hakanyagi. Anayewatesa wenye farasi ni yule anayechechemea kidogo tu, unayemwona leo na kesho humwoni, ambaye watu watatu wakisimama kumtazama watakutajia miguu mitatu tofauti. Kipimo cha ngazi 0 hadi 5 kinachotumiwa na madaktari wa farasi nchini Marekani kinaukubali ugumu huo. Ngazi ya 1 ni kuchechemea kusikoonekana kwa urahisi wala kila mara, hata mazingira yakibadilishwa. Ngazi ya 2 hujitokeza kila mara katika hali fulani tu, kama vile farasi anapozungushwa, anapopandwa au anapopita kwenye ardhi ngumu. Dhana potofu nyingi hustawi katika ngazi hizo mbili.

Dhana: Kichwa kikishuka, mguu unaokanyaga wakati huo ndio unaouma.

Ukweli ni kinyume chake. Mguu wa mbele unaouma unapogusa ardhi, farasi huinua kichwa na shingo ili kuupunguzia mzigo, kisha huviachia vishuke mguu mzima unapokanyaga. Jambo hili huonekana vizuri zaidi katika mwendo wa matiti, yaani zile mbio za taratibu ambamo mguu wa mbele wa upande mmoja hukanyaga pamoja na wa nyuma wa upande wa pili, kwa kuwa mwendo huo una mapigo mawili yanayopaswa kulingana na hitilafu ndogo huvunja ulinganifu huo. Anayemwongoza farasi ailegeze kamba. Nimeona mara nyingi mtu akiishika kamba karibu kabisa na kidevu, kisha akashangaa kwamba kichwa hakichezi; kitachezaje na yeye amekibana? Kwenye ardhi ngumu, fumba macho usikilize, kwa sababu mguu mzima huangukia kwa kishindo kikubwa zaidi kuliko unaouma.

Kwa miguu ya nyuma, tazama nyonga ukiwa umesimama nyuma ya farasi anayekwenda mbali nawe, ulinganishe mcheo wa upande mmoja na wa pili. Hapo pana mtego unaowanasa hata wazoefu. Mguu wa nyuma wa kushoto ukiuma, farasi huusukuma uzito mbele kila unapokanyaga, na kichwa hushuka wakati huohuo ambao mguu wa mbele wa kulia uko ardhini. Mtazamaji anayekumbuka kanuni ya kichwa peke yake atasema kwamba tatizo liko mguu wa mbele wa kushoto. Kwa hiyo, kabla ya kuuhukumu mguu wowote wa mbele, utazame kwanza wa nyuma wa upande huohuo.

Dhana: Anafupisha hatua, basi ni bega.

Huenda hakuna kiungo kilichosingiziwa zaidi ya bega. Farasi anayeogopa kutua kwa kisigino hufupisha hatua, na hatua fupi humfanya mtazamaji alitazame bega, kwa kuwa ndiko mguu unakoanzia kuchezea. Lakini miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa mwili, na sehemu kubwa ya kuchechemea kwa miguu hiyo hutokana na maumivu ya chini, hasa ndani ya kwato. Bega lenyewe kuwa chanzo si jambo la kawaida. Misuli ya bega inaweza kweli kuuma ikiguswa, lakini mara nyingi ni kwa sababu imechoka kuusaidia mguu usiotaka kukanyaga sawasawa.

Dhana: Kwato haina joto wala uvimbe, kwa hiyo kwato ni nzima.

Kwato ni kama sanduku gumu, na kilichomo ndani hakina nafasi ya kuvimba kikaonekana. Joto nalo hudanganya, kwani kwato hupata joto na kupoa kutwa nzima bila ugonjwa wowote. Ishara yenye manufaa zaidi ni mapigo ya mshipa. Weka vidole viwili taratibu pembeni ya kifundo kilicho juu ya kwato, kwa upande wa nyuma, pale mshipa unapopita juu ya mfupa, na utulie hapo bila kubonyeza sana. Kwa farasi mzima utayasikia mapigo kwa shida, pengine usiyapate kabisa. Yakigonga kwa nguvu, hasa mguu mmoja ukilinganishwa na mwenzake, kuna uwezekano mkubwa wa uvimbe ndani ya kwato. Kisha safisha wayo hadi ufikie uso wake, utafute kijiwe, tundu jeusi au ufa, na uulize farasi alipigiliwa viatu lini. Msumari uliopita karibu mno na nyama hai unaweza kuanza kuuma siku moja au chache baadaye, wakati fundi ameshasahaulika. Jipu la kwato kwa kawaida humfanya farasi achechemee vibaya ghafla, lakini siku ya kwanza linaweza kuonekana kama kero ndogo tu.

Ukikuta msumari uliochoma wayo, usikimbilie kuung'oa. Mradi farasi anaweza kuzuiwa asiukanyage ukazama zaidi, ni afadhali daktari wa mifugo aupige picha ukiwa palepale, aone umefika wapi.

Dhana: Kichwa hakichezi, basi hana maumivu.

Kichwa hucheza kwa sababu mguu mmoja unauma kuliko mwenzake. Miguu yote miwili ikiuma kwa kiasi sawa, hakuna wa kukimbiliwa, na farasi hubaki akitembea kwa hatua fupi, akikataa kugeuka na akionekana mvivu. Wengi wamechapwa kwa uvivu huo. Akizungushwa, mguu ulio ndani ya duara huelemewa na tofauti hujitokeza. Na daktari akiutia ganzi mguu mmoja, ghafla farasi huanza kuchechemea kwa ule wa pili. Farasi mnene anayebadilisha mguu mara kwa mara, au anayesimama akiegemea nyuma, asisubiri uchunguzi wa taratibu. Hizo zinaweza kuwa dalili za kuvimba kwa tishu zinazoushika mfupa ndani ya kwato, na hiyo ni dharura hata kama bado anatembea.

Yapo pia maneno ya kwamba farasi anayepona akishapashwa misuli hana neno. Ugonjwa wa viungo vilivyolika mara nyingi hulegea kwa mazoezi na kurudi baada ya kupumzika, ilhali jeraha la kano au ufa mdogo wa mfupa kwa kawaida huzidi kwa kazi, kwa hiyo mabadiliko hayo ni habari ya kumpelekea daktari. Dawa ya kutuliza maumivu kama fenilibutazoni, ikitolewa kabla ya uchunguzi, huifuta habari hiyo. Kuukunja mguu kwa sekunde 30 hadi 60 kisha kumkimbiza farasi husaidia kidogo kutafuta kiungo kinachouma, lakini farasi wazima nao wanaweza kuchechemea baada ya kukunjwa, na ni vigumu kukunja kiungo kimoja bila kugusa jirani zake.

Dhana: Piga eksirei mguu mzima, jibu litaonekana.

Eksirei huonyesha mfupa, haionyeshi maumivu. Farasi mwenye mifupa iliyobadilika sana anaweza kwenda bila shida, na mwingine mwenye picha safi akawa na kano iliyochanika. Ndiyo maana daktari hutia ganzi kwanza, akianzia chini kabisa na kupanda hatua kwa hatua, huku akimtazama farasi upya baada ya kila sindano. Akianzia juu, ganzi itaufunika mguu wote ulio chini yake na hatajua ni wapi palipotulia. Hata hivyo, dawa husambaa, na sindano iliyolenga sehemu ya nyuma ya kwato inaweza kutuliza karibu kwato nzima. Panapohisiwa ufa wa mfupa, ganzi haitumiwi, kwa kuwa farasi asiyesikia maumivu ataukanyagia mguu huo uzito wote. Eneo likishapatikana ndipo picha hupata maana: eksirei kwa mfupa, ultrasaundi kwa kano, na MRI, yaani picha zinazopigwa kwa nguvu ya sumaku, pale tatizo linapojificha ndani ya kwato.

Kwa kuwa farasi wa namna hii hupenda kupona siku daktari anapofika, mrekodi kwa simu mapema, kabla ya dawa yoyote: matiti ya kwenda na kurudi kwenye mstari mnyoofu, kisha duara la kushoto na la kulia, kwenye ardhi ngumu na kwenye laini.