Quanzhou, bandari ya Zaitun: yasemwayo na yaliyo kweli

Mtu wa Afrika Mashariki akikuambia anakwenda kusini mwa China, mara nyingi anakwenda Guangzhou kufunga mzigo. Kwenye pwani hiyohiyo, kaskazini-mashariki zaidi katika mkoa wa Fujian, upo Quanzhou. Ukitokea Xiamen kwa treni ya kasi ni kiasi cha nusu saa. Kwangu mimi, hakuna mji wa China unaomhusu Mswahili kuliko huu.

Dhana: Uliitwa Zaitun kwa sababu ya mizeituni.
Hapana. Mji ulizungukwa na miti ya maua mekundu ambayo Wachina huiita citong. Waarabu walilisikia jina hilo kwa masikio yao, likawa Zaitun. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, alifika pia Zaitun katika miaka ya 1340, na mwenyewe aliandika kwamba mizeituni hakuiona.

Dhana: Uhusiano wa China na pwani yetu ulianzishwa na Zheng He.
Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa linafuta karne nzima na zaidi za biashara. Zheng He, amiri wa merikebu za mfalme wa China, aling'oa nanga mara ya kwanza mwaka 1405, na twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415. Lakini mwaka 1225 msimamizi wa forodha ya Quanzhou, Zhao Rugua, alikuwa amekwisha kuandika habari za nchi aliyoiita Cengba, ambayo wataalamu wengi huisoma kuwa ni nchi ya Zanj, pwani yetu. Anasema watu wake wanafuata dini ya Waarabu, wanajifunga vitambaa vya buluu na kuvaa viatu vyekundu vya ngozi. Chakula chao ni wali, mikate ya kuchoma na nyama ya kondoo. Kwao hutoka pembe za ndovu, dhahabu na ambari. Zhao hakuwahi kuvuka bahari. Aliwauliza wafanyabiashara wageni waliotia nanga bandarini kwake. Hebu fikiria: wali na mikate ya pwani vilizungumzwa katika ofisi ya forodha ya Fujian karibu miaka 800 iliyopita.

Dhana: Vyombo vya kauri vililetwa Kilwa na Gedi na majahazi ya Wachina.
Zhao huyohuyo anaeleza kwamba waliokwenda Cengba na vyombo vya kauri, vitambaa na shaba walikuwa watu wa Gujarati na wa pwani za Waarabu. Mzigo ulipita mikono mingi, bandari kwa bandari. Wachina nao walikuwa na meli madhubuti. Mwaka 1974 ilifukuliwa katika ghuba ya Quanzhou meli ya karne ya 13 yenye vyumba 13 vilivyotengwa kwa mbao, ili kimoja kikiingia maji vingine visizame. Ndani yake mlikuwa na mbao za manukato, pilipili manga, ubani, ambari na simbi. Leo unaweza kuiona ndani ya eneo la hekalu la Kaiyuan, penye minara miwili ya mawe.

Dhana: Kusini mwa China ni joto mwaka mzima.
Januari wastani ni kama nyuzi 12 au 13, kwa hiyo chukua koti. Julai hadi Septemba ni msimu wa tufani.

Dhana: Uislamu wa huko ni wa juzi.
Msikiti wa Qingjing ulijengwa mwaka 1009 na kutengenezwa upya karne tatu baadaye. Lango lake la mawe bado limesimama. Ukumbi wa zamani hauna paa, kuta tu na maandishi ya Kiarabu. Nje ya mji, kilima cha Lingshan kina makaburi mawili ambayo wenyeji husema ni ya masahaba wa Mtume. Hayo ni mapokeo, ushahidi haujapatikana. Lakini pale pana jiwe la mwaka 1417 linalosema kwamba Zheng He alifukiza ubani akiomba ulinzi kabla ya kuelekea Hormuz, kwenye Ghuba ya Uajemi. Safari hiyo, ya tano kwake, ndiyo iliyofika Mogadishu, Barawa na Malindi.