Ripatori: mfumo wa jukwaa uliomlea Judi Dench

Ripatori ni mfumo wa kuendesha ukumbi wa maigizo ambapo kundi moja la waigizaji huajiriwa kwa msimu mzima na kucheza tamthilia kadhaa kwa kupokezana. Jumatatu wanaonyesha tanzia, Jumatano kichekesho, Ijumaa wanairudia ile tanzia. Watu ni walewale, wamebadili mavazi tu. Kumbi za biashara za West End, London, hufanya kinyume: tamthilia moja huchezwa kila usiku kwa miezi, hata miaka, mradi tiketi zinanunuliwa.

Nchini Uingereza mfumo huu ulishika kasi baada ya Annie Horniman, mrithi wa utajiri wa chai, kununua ukumbi wa Gaiety mjini Manchester mwaka 1908. Birmingham ikafuata mwaka 1913. Kwenye miji midogo kazi ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu kila wiki ilidai tamthilia mpya. Mchana waigizaji walifanya mazoezi ya tamthilia ya wiki ijayo, jioni wakacheza ya wiki hii, na usiku wakarudi vyumba vya kupanga kukariri maneno.

Nani alitoka kwenye mikono hiyo? Wengi, ila kwangu hakuna anayeuonyesha mfumo huu vizuri kuliko mwigizaji wa kike Judi Dench, aliyezaliwa York mwaka 1934. Mwaka 1957, akiwa ametoka tu chuoni, kundi la Old Vic, ukumbi wa maigizo wa London, lilimpa nafasi ya Ophelia katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare. Wahakiki walimshambulia, na kundi lilipokwenda Marekani nafasi hiyo alipewa mwingine. Angekuwa kwenye tamthilia moja ya biashara, huenda ndiyo ingekuwa mwisho wake. Kwenye ripatori alibaki na kazi: alikuwa na nafasi nyingine ndogondogo, na jioni alisimama pembeni mwa jukwaa kuwatazama wakubwa wake wanavyofanya. Mwaka 1960, katika ukumbi uleule, alikuwa Juliet chini ya mwongozaji Franco Zeffirelli.

Akahamia Royal Shakespeare Company, kundi linalocheza hasa tamthilia za Shakespeare, kisha kundi la mji wa Nottingham. Mwaka 1963 kundi la Nottingham lilizunguka Nigeria, Ghana na Sierra Leone, naye akicheza Lady Macbeth na Viola katika ziara hiyohiyo: usiku mmoja mke anayechochea mauaji, mwingine msichana mwenye mapenzi aliyejivika nguo za kiume. Hapo ndipo unapoielewa ripatori. Mwigizaji hapati nafasi ya kuzoea sura moja.

Lady Macbeth alimrudia mwaka 1976, Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare, pamoja na mwigizaji Ian McKellen, wakiongozwa na Trevor Nunn. Ukumbi ulikuwa banda la mabati liitwalo The Other Place. Hapakuwa na mapambo ya maana. Waigizaji waliketi kwa duara juu ya masanduku, na watazamaji walikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi zao. Onyesho hilo lilirekodiwa kwa ajili ya televisheni, na ukipata nafasi litazame hasa pale Lady Macbeth anapotembea usingizini. Anasugua mikono, kisha anatoa kilio kirefu kinachoanza kama mguno tu. Kamera iko usoni pake na hakuna chochote cha kumsaidia.

Sinema kubwa zilichelewa kumfikia. Kwenye usaili wake wa mwanzo aliambiwa uso wake haufai kwa filamu. Alikuwa na miaka 60 alipoanza kuonekana kama M, mkuu wa James Bond, mwaka 1995. Kisha akacheza Malkia Elizabeth wa Kwanza katika filamu ya Shakespeare in Love, akionekana kwa dakika nane hivi tu, na dakika hizo zikampa Oscar mwaka 1999. Wapo waliolalamika kwamba ni chache mno. Mimi siafiki. Aliyezoea kuingia jukwaani kama mjakazi na kuondoka amekumbukwa hahitaji saa mbili.

Mwaka 2012 alitangaza kwamba macho yake yanapoteza nguvu kwa ugonjwa wa retina. Hawezi tena kusoma miswada, kwa hiyo watu humsomea kwa sauti naye hushika maneno kwa kusikiliza. Kwa njia hiyo aliigiza bibi wa familia katika filamu ya Belfast ya mwaka 2021, na akateuliwa tena kuwania Oscar.