Je, Wajua kwa Nini Sumu Iliyo Kidogo Majini Huwa Nyingi Mwilini mwa Mlaji wa Mwisho?

Mwaka 1949, katika ziwa la Clear Lake, jimboni California nchini Marekani, ilimwagwa dawa iitwayo DDD, ambayo ni ndugu wa karibu wa DDT, ili kuangamiza wadudu wadogo wanaofanana na mbu. Wadudu hao hawaumi, lakini wingi wao ulikuwa kero kwa watu wa kandokando ya ziwa. Kipimo kilichotumika kilikuwa cha tahadhari: sehemu moja ya dawa kwa takriban sehemu milioni 70 za maji. Wadudu waliporudi, dawa ilimwagwa tena mwaka 1954 na 1957, safari hii sehemu moja kwa milioni 50. Baadaye vibisi, ndege wa majini wanaoishi kwa kula samaki, walianza kufa kwa wingi. Mafuta ya miili yao yalipopimwa, yalikutwa na DDD kiasi cha sehemu 1,600 kwa milioni, yaani mara 80,000 ya kipimo kilichotiwa ziwani.

Jibu la fumbo hili linaanzia katika namna mwili unavyojisafisha. Sumu inayoyeyuka katika maji huchujwa na figo na kutoka pamoja na mkojo. DDD, DDT na kemikali za jamii ya PCB, zilizokuwa zikitumika katika transfoma za umeme, haziyeyuki kwa urahisi katika maji bali katika mafuta, nazo ini huzivunja polepole mno. Kwa sababu hiyo hujihifadhi katika mafuta ya mwili, na kinachoingia leo hurundikana juu ya kilichoingia jana, mwaka hadi mwaka.

Hata hivyo, mrundikano ndani ya mwili mmoja hautoshi kueleza mara 80,000. Sababu kubwa zaidi, ambayo naona haipewi uzito unaostahili, ni kwamba hakuna mnyama anayegeuza chakula chake chote kuwa nyama. Kwa makadirio ya jumla, ni takriban asilimia 10 tu ya nishati iliyomo katika chakula inayoishia kuwa mwili wa mlaji. Sehemu iliyobaki hutumika katika kupumua, kujongea na shughuli nyingine za uhai, au hutoka kama kinyesi. Ili aongeze kilo moja ya nyama, samaki hulazimika kula kilo kadhaa za viumbe wadogo, ambao nao wamekula mwani mwingi kuliko uzito wao. Chakula hicho huteketea, lakini sumu iliyokuwamo haiteketei. Hubaki kama chumvi inavyobaki sufuriani maji yanapokauka motoni. Samaki mkubwa anapowala wadogo, na ndege anapomla samaki, hesabu hiyo hurudiwa, na kila ngazi ya mlolongo wa chakula hurithi sumu ya ngazi zote zilizo chini yake.

Si lazima sumu hiyo iue papo hapo. DDT ikiwa mwilini mwa ndege hubadilika kuwa DDE, ambayo huvuruga uwekaji wa kalsiamu kwenye ganda la yai. Ganda huwa jembamba, na mama akilalia mayai huyavunja kwa uzito wake mwenyewe. Hii ilikuwa miongoni mwa sababu kuu za kupungua kwa tai mwenye kichwa cheupe, nembo ya Marekani, hadi zikahesabiwa jozi 417 tu za kuzaliana mwaka 1963, ukiacha jimbo la Alaska. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya jumla ya DDT mwaka 1972, na kufikia mwaka 2007 jozi hizo zilikuwa zaidi ya 9,700.

Zebaki hufuata njia tofauti kidogo, lakini matokeo yake kwa binadamu yanatisha zaidi. Huko Minamata, Japani, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga maji machafu yenye zebaki baharini tangu mwaka 1932 hadi 1968. Zebaki iliyoungana na kaboni, iitwayo methilizebaki, hunata kwenye protini za misuli, kwa hiyo kuondoa mafuta ya samaki au kumpika sana hakuipunguzi. Paka waliokula samaki wa ghuba ile walipatwa na degedege. Wakazi nao walipoteza uwezo wa kutembea sawasawa, kuona na kusema. Ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwezi Mei 1956. Jambo la kuhuzunisha kuliko yote ni kwamba kondo la nyuma, ambalo wataalamu walidhani humkinga mtoto, halikuizuia zebaki: wanawake walioonekana kuwa na dalili chache tu walizaa watoto wenye ubongo ulioharibiwa vibaya.

Ndiyo maana wajawazito hushauriwa kuepuka papa na samaki wengine wakubwa wawindaji, walioishi miaka mingi juu kabisa katika mlolongo wa chakula, huku samaki wadogo kama dagaa wakiendelea kupendekezwa. Bahari inaweza kuwa ile ile na maji yakawa yale yale. Kinachotofautisha samaki hao ni umri wao na idadi ya ngazi ambazo zebaki imepanda kabla ya kuwafikia.