Koti la Mpanda Farasi Lilivyobadilika kwa Ndani

Mtu akisimama kando ya uwanja wa mashindano ya farasi leo, kisha akalinganisha anachokiona na picha ya miaka sitini iliyopita, anaweza kuamini kwamba mavazi ya wapandaji hayajabadilika. Koti ni lile lile la rangi ya giza lililobana kiuno, suruali ni nyeupe au ya rangi ya udongo, buti linafika chini kidogo ya goti, na kichwani kuna kofia. Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Shela, hapa Malindi. Nilianza kwa kushona kanzu na darizi zake, na sasa sehemu kubwa ya kazi yangu ni kurekebisha nguo za kupandia farasi zinazoletwa na wakazi wa hapa, wengi wao Waitaliano, na familia za bara zinazoshuka pwani wakati wa likizo. Kwa kuwa nazifumua nguo hizi mezani, naona jambo ambalo mtazamaji hawezi kuliona: sura ya nje imehifadhiwa kwa makusudi, ilhali ndani yake karibu kila kitu kimebadilishwa.

Sura hiyo ya nje ilitoka katika jeshi na katika uwindaji wa Kiingereza. Michezo ya Olimpiki ya Stockholm ya mwaka 1912 iliingiza mashindano matatu yanayoendelea hadi leo, yaani kuruka viunzi, dresaji ambayo farasi hutembezwa kwa hatua zilizopangwa mbele ya waamuzi, na mashindano ya siku kadhaa yanayounganisha dresaji, mbio za nyikani na viunzi. Wengi wa walioshindana walikuwa maofisa, nao walikuja na sare zao. Uzito wa sare hizo ulidhihirika baada ya michezo ya London ya mwaka 1948: timu ya dresaji ya Uswidi ilipewa dhahabu, kisha mwaka uliofuata ikanyang'anywa kwa sababu mmoja wao, Gehnäll Persson, hakuwa na cheo kamili cha ofisa. Sheria ilipolegezwa kufikia michezo ya Helsinki ya mwaka 1952, raia na wanawake wakaingia, na Lis Hartel wa Denmark, ambaye polio ilikuwa imempooza miguu kuanzia chini ya magoti, akachukua medali ya fedha. Watu hawa hawakuwa na sare ya kuvaa, hivyo koti la kiraia likapata nafasi katika uwanja uliokuwa wa jeshi. Sare yenyewe haikutoweka. Wateja wangu wazee wa Kiitaliano bado humtaja Raimondo D'Inzeo, aliyetwaa dhahabu ya kuruka viunzi mjini Roma mwaka 1960 huku kaka yake Piero akichukua fedha, na humtaja akiwa ndani ya sare ya Carabinieri, kikosi cha polisi wa kijeshi wa Italia, kana kwamba mtu na nguo ni kitu kimoja.

Desturi ya kubadilisha ndani na kuiacha nje kama ilivyo si ya juzi, na waliotangulia kuipitia ni wanawake wa karne ya 19. Mwanamke wa Ulaya alipanda farasi akiwa amekaa upande, miguu yote miwili kushoto, amevaa sketi ndefu iliyofunika hata viatu. Alipoanguka, sketi ilinasa kwenye pembe za tandiko na farasi akamburuta. Mafundi wakaanza kushona sketi zenye vifungo vya kuachia, na mwishowe wakashona kipande cha mbele tu, kama aproni, kilichowazi kabisa kwa nyuma, na chini yake suruali kamili. Mwanamke aliyekaa juu ya farasi alionekana amevaa sketi ya heshima, na akianguka hakuna kitambaa cha kumning'iniza. Namheshimu sana fundi huyo asiyejulikana jina, kwa sababu aliwaokoa watu bila kugombana na wakwe wa mtu yeyote.

Koti ndilo linaloonyesha mabadiliko haya kwa uwazi zaidi. Hivi karibuni nilikuwa na makoti mawili mezani kwa wakati mmoja, yote meusi na yote ya kuvaliwa viunzini. La kwanza lilikuwa la sufu nzito, lililoshonwa Ulaya na kurithiwa kutoka kwa baba wa mteja. Nilipofumua bitana upande wa kifua nilikuta kile kitambaa kigumu ambacho mafundi wa zamani walikifuma kwa nywele za mkia wa farasi, kimeshikizwa kwenye sufu kwa mishono midogo ya mkono iliyolala kimshazari, mstari baada ya mstari, hadi ukingo wa kola. Mvaaji alikuwa amekalia farasi mmoja na kubeba nywele za mwingine kifuani. Kazi ya kitambaa hicho ni kulifanya koti lisimame lenyewe, lisifuate mwili, na ndiyo maana wapandaji wa picha za zamani wanaonekana wamenyooka hata pale ambapo farasi anawarusha. Mgongoni kulikuwa na mpasuo mrefu unaoanzia karibu na kiuno, ili mtu akikaa pindo lifunguke na kulala juu ya tandiko pande zote mbili. Koti la kawaida la harusini halina mpasuo wa kiasi hicho, na likikaliwa tandikoni hujikunja na kupanda hadi mabegani.

Koti la pili halikuwa na kitu ndani. Halikuwa na bitana, wala kitambaa cha kifua, wala pedi za mabega. Lilikuwa la polista iliyochanganywa na nyuzi za mpira, inayovutika kwa urefu na kwa upana, na chini ya makwapa hadi kiunoni kulikuwa na vipande vya wavu mwembamba mweusi vinavyopitisha hewa, vilivyopangwa mahali ambapo mkono ukishuka havionekani. Vifungo vitatu vya mbele vilikuwa pambo tu, kwa sababu kilicholifunga koti ni zipu iliyofichwa nyuma yake. Koti lile lingeweza kutiwa kwenye mashine ya kufulia, ambapo lile la sufu lingetoka likiwa la mtoto. Ukweli ni kwamba ni jezi ya michezo iliyoshonwa kwa umbo la koti la ofisa, na mwamuzi aliye umbali wa hatua ishirini hawezi kutofautisha.

Sababu ya kwanza ya mageuzi haya ni mwili wa mpandaji mwenyewe. Kapteni wa Kiitaliano Federico Caprilli, aliyefariki mwaka 1907, alifundisha kwamba farasi anaporuka mpandaji asiegemee nyuma na kuvuta hatamu kama ilivyokuwa kawaida, bali afupishe vikuku vya kukanyagia miguu, ainuke kutoka kwenye tandiko na kuifuata shingo ya farasi kwa mbele. Mtindo huo ulienea dunia nzima, lakini koti liliendelea kukatwa kwa ajili ya mtu aliyekaa wima. Makoti ya zamani ninayoletewa yana ugonjwa mmoja: mshono wa nyuma ya bega umechanika, na umechanika mara nyingi, kwa sababu mikono inaponyooshwa kuelekea masikio ya farasi mgongo wa sufu hauna pa kwenda. Kitambaa kinachovutika kimeutibu ugonjwa huo, ingawa kilichelewa sana.

Kwa fundi, kitambaa hicho kina masharti yake. Ukikishona kwa sindano ya kawaida, cherehani inaruka mishono na kuacha matundu, kwa hiyo hutumiwa sindano ya ncha butu inayosukuma nyuzi kando badala ya kuzitoboa. Mshono wa mstari ulionyooka hukatika mvaaji anapojinyoosha, hivyo lazima uwe wa kwenda upande upande au wa ovaloki, na uzi uwe wa polista. Pasi ya moto wa pamba huyeyusha wavu. Malindi huongeza masharti mengine, kwa sababu hewa yetu ya chumvi hula zipu za chuma, na kola za mahameli huota ukungu majira ya masika hata ndani ya kabati. Ninapoletewa koti litakaloishi hapa, natoa zipu ya chuma na kutia ya plastiki kabla mwenyewe hajaiomba.

Suruali zilitangulia koti katika safari hii. Kabla ya kuwapo vitambaa vinavyovutika, njia pekee ya kumpa mpandaji nafasi ya kupanua mapaja ilikuwa kuongeza kitambaa, na ndipo zilipotokea zile suruali zilizotuna mapajani kama mabawa na kubana kuanzia gotini kushuka. Jina lake kwa Kiingereza ni la mji wa Jodhpur nchini India, na husimuliwa kwamba zilivuma Uingereza baada ya Sir Pratap Singh kuja nazo katika sherehe za miaka sitini ya utawala wa Malkia Victoria, mwaka 1897. Mwaka 1958 mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont alivumbua uzi unaoitwa Lycra, na katika miongo iliyofuata yale mabawa yakapunguzwa hadi yakaisha, kwa kuwa hayakuwa na kazi tena. Kilichobaki ni kiraka. Ndani ya goti, na wakati mwingine hadi makalioni, suruali ya kupandia hushonwa kiraka cha ngozi ili kushika tandiko na kuzuia msuguano. Ngozi hiyo huhitaji matunzo, na kwa jasho la pwani hukakamaa kama samaki mkavu. Siku hizi kampuni nyingi zimeiacha na kuchapa vitone vya silikoni juu ya kitambaa. Silikoni hushika vizuri ikiwa mpya, lakini vitone vikianza kubanduka fundi hana la kufanya, ilhali kiraka cha ngozi nilikuwa nakifumua na kutia kingine. Katika jambo hili sikubaliani na wanaosema kila jipya ni nafuu.

Kuhusu rangi na mapambo sina mengi. Makoti ya buluu, ya kijani kibichi na ya zambarau iliyoiva yamekubalika katika viunzi na dresaji kwa kiwango ambacho wazazi wa wapandaji wa leo wasingekiamini, na vijiwe vinavyometameta vimepanda kwenye kola na kwenye kofia. Huko Marekani, katika mashindano yanayoiga uwindaji, ambapo farasi huhukumiwa kwa utulivu na mwendo wake, bado mtu hupendeza kwa buluu nyeusi na suruali ya rangi ya mchanga, na anayeng'aa huhesabiwa kuwa hajui alikokuja. Binafsi ningependa vijiwe vibaki kwenye mavazi ya bibi harusi. Kwenye koti hunaswa na hatamu na kudondoka, kisha naletewa mimi nivipachike kimoja kimoja.

Kofia ndiyo sehemu pekee ambapo sura ya nje imelazimika kuvunjika. Katika dresaji ya ngazi ya juu, koti la mikia, lenye mapindo mawili marefu yanayoning'inia nyuma, liliambatana na kofia ndefu ya mviringo mfano wa bomba, ambayo haikumkinga mvaaji na kitu chochote. Mwezi Machi 2010 Courtney King-Dye, mpanda dresaji wa Marekani aliyeshiriki Olimpiki ya 2008, alianguka bila helmeti baada ya farasi wake kujikwaa, akapoteza fahamu kwa wiki kadhaa na kupata madhara ya kudumu ya ubongo. Kampeni ya kuvaa helmeti ikaanza. Mwaka 2012 Charlotte Dujardin, mpanda dresaji wa Uingereza, akashinda dhahabu mjini London akiwa na helmeti juu ya koti la mikia, na ikaonekana kwamba waamuzi hawakumpunguzia alama kwa hilo. Kuanzia mwaka 2021 shirikisho la dunia la michezo ya farasi, FEI, limewataka wapandaji wote wa mashindano yake wavae kofia ya kinga, na ile ndefu ikatoka uwanjani.

Helmeti si kazi ya fundi, na naomba nieleweke hapo. Watu huniletea niikwangue ndani ili iwaenee, au nitoboe matundu kwa ajili ya joto, nami nakataa. Kinachomlinda mtu ni lile povu gumu lililo chini ya ganda. Likishabonyea kwa pigo moja halirudi, hata kama nje hapana mkwaruzo, na helmeti iliyoangukiwa huwekwa kando. Helmeti iliyoachwa ndani ya gari lililofungwa kwenye jua la Malindi huharibika pia, taratibu na bila kuonyesha dalili.

Kazi yangu huanza chini ya helmeti. Mabinti wa hapa wanaojifunza kupanda huja na mama zao, na swali la kwanza huwa ushungi. Mtandio wenye mikunjo miwili mitatu huinua helmeti na kuifanya iyumbe, na pini iliyo kati ya fuvu na ganda ni hatari kubwa. Kwa hiyo nawashonea kofia ya kitambaa chembamba kinachovutika, yenye mshono mmoja tu unaopita nyuma ya kichwa, shingo ikiwa imeshikana nayo na kuingia ndani ya kola ya koti, bila pini wala fundo. Kisha namwambia mama, "Helmeti msinunue kabla hajaivaa hii, mwende nayo dukani apimwe akiwa ameivaa." Wengine hudhani ni maneno ya mfanyabiashara, lakini tofauti ya saizi moja hutokea hapo.

Siku hizi nashughulika zaidi na vizibao vya hewa. Kizibao hiki kimefungwa kwa kamba kwenye tandiko. Mpandaji akitupwa, kamba huvuta kifungo, na chupa ndogo ya gesi hukijaza kabla hajafika chini. Kikivaliwa juu ya koti hakuna shida, ila huiharibu ile sura ambayo watu wameihifadhi kwa miaka mia. Wakitaka kukivaa ndani, koti lazima liwe na pa kutanukia ghafla. Hilo nalifanya kwa kufumua mishono ya ubavuni na kutia pindo lililokunjwa la kitambaa kinachovutika, lililoshikizwa kwa uzi dhaifu unaokatika kizibao kinapojaa. Kabla ya kumkabidhi mteja, tunalivika koti juu ya kizibao hicho kwenye sanamu ya dukani na kuvuta kamba, tukatumia chupa moja ya gesi kwa majaribio. Uzi usipokatika pande zote mbili kwa pamoja, koti linarudi mezani.