Kwa nini mtoto mchanga hataki kuachia titi usiku wa pili?

Siku ya kwanza mtoto hulala tu. Ananyonya kidogo, anasinzia, na wanaokuja kumwona wanamsifu kwa upole wake. Usiku wa pili mambo yanageuka. Ananyonya, anaachia, analia, anadai tena, na kila akilazwa anaamka. Mama akijaribu kukamua anaona matone machache ya njano. Hapo hakosekani wa kusema, "Huyu ana njaa, maziwa hayajatoka, mpeni kitu."

Ni kweli mtoto anataka zaidi. Ila hayo matone ndiyo chakula chenyewe.

Hiyo ni dang'a, na matiti huanza kuitengeneza tangu mimba ikiwa na miezi kadhaa. Katika saa 24 za kwanza mtoto hupata takriban mililita 2 hadi 10 kila anaponyonya, yaani kijiko cha chai kimoja au viwili, wakati mwingine hata kimoja hakijai. Mtoto mzima wa afya aliyetimiza miezi yake huzaliwa na akiba ya maji mwilini, kwa hiyo kiasi hicho humtosha. Dang'a ina kingamwili nyingi zinazotanda juu ya utando wa utumbo wake, ina vitamini A kwa wingi, na hulainisha tumbo ili kile choo cheusi cha kunata kitoke mapema. Choo hicho hubeba bilirubini, ile rangi inayofanya ngozi na macho ya mtoto kuwa manjano. Kikikawia tumboni, sehemu yake hurudi kwenye damu.

Maziwa mengi yanangoja nini, basi? Wakati wa ujauzito prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, tayari iko juu, lakini projesteroni kutoka kwenye kondo la nyuma huizuia isifanye kazi yake kikamilifu. Kondo likitoka, projesteroni hushuka kwa kasi na kizuizi kinaondoka. Hata hivyo matiti huhitaji muda. Kwa akina mama wengi hujaa kati ya siku ya 2 na ya 4, na huweza kuchelewa kwa uzazi wa kwanza, upasuaji, au kisukari. Kipande cha kondo kikibaki tumboni nacho huendelea kuzuia maziwa. Ndiyo maana maziwa yakikawia mno, mkunga mzoefu huuliza pia damu inatokaje.

Kujaa huko kwa mwanzo hutokea hata mtoto asiponyonya. Kinachofuata ndicho kinachomtegemea yeye. Kila anyonyapo, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, na prolaktini hupanda. Ndani ya titi lenyewe kuna udhibiti wa pili: likibaki limejaa hupunguza utengenezaji, likitolewa maziwa huongeza. Si mtungi unaosubiriwa ujae ndipo uchotwe. Tena prolaktini huwa juu zaidi usiku, hivyo usumbufu wa usiku wa pili, unaochosha kweli, umeangukia saa inayofaa. Maziwa ya usiku huwa pia na melatonini, homoni ya usingizi ambayo mtoto mchanga bado haitengenezi vya kutosha.

Sasa fikiria chupa ya maziwa ya kopo iliyotolewa saa nane usiku kwa huruma. Mtoto analala muda mrefu, nyumba inatulia, na matiti yanakosa ishara mbili tatu za kuongeza maziwa. Kesho yanatoa kidogo kuliko ambavyo yangetoa, na chupa ya pili inaonekana ya lazima. Kwa maoni yangu, uhaba mwingi wa maziwa huanza hivi, kwa mikono ya watu wenye nia njema. Maziwa ya nyongeza yana mahali pake: sukari ya mtoto ikishuka, uzito ukipungua kupita kiasi, au mhudumu wa afya akiona sababu nyingine. Hata hapo mama aendelee kukamua ili matiti yasizubae.

Kuna jambo moja huharibu kila kitu hata maziwa yakiwapo, nalo ni maumivu. Maziwa husukumwa nje na oksitosini, homoni ile ile inayobana mfuko wa uzazi, ndiyo maana mama husikia tumbo likikaza anaponyonyesha. Maumivu makali na hofu huweza kuichelewesha. Ili kuepuka maumivu hayo, mdomo wa mtoto uwe wazi sana, kidevu kiguse titi, na aingize sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu, si chuchu peke yake. Chuchu ikitoka imebanwa bapa au ina mipasuko, hajashika vizuri. Pitisha kidole safi kwenye pembe ya mdomo wake aachie, kisha aanze upya.

Ili kujua kama anashiba, usiangalie ukubwa wa matiti wala kiasi unachokamua. Angalia nepi. Kuanzia siku ya 5 hivi, zinazolowa ziwe 6 au zaidi kwa siku, na choo kiwe kimetoka kwenye weusi, kikapita ukijani, kikafika njano. Uzito kushuka hadi asilimia 7 ni kawaida. Ukikaribia 10, apimwe na unyonyeshaji uangaliwe. Wengi huurudisha ndani ya wiki 2. Kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku ni kawaida pia.

Anayelilia titi usiku kucha bado ana nguvu za kudai. Wa kumwangalia kwa hofu zaidi ni yule mtulivu kupita kiasi: anayelala saa nyingi, akiamshwa ananyonya kidogo na kulegea, nepi yake ni kavu, na manjano yameteremka hadi miguuni. Huyo apelekwe hospitali usiku huo huo.